Sura za Kijani za Emili Rosna

Emili Rosna alikuwa mchoraji, jamani, lakini usimwombe akuchore. Akikuchora umekwisha. Sura anakupaka kijani kama embe changa, mdomo mwekundu, macho ya mtu aliyekesha tangu juzi. Ndivyo alivyochora mabaa ya usiku kwao Berlin, mpaka wakaanza kuwasaka Wayahudi kama yeye, akakimbia na boksi la brashi. Mwaka 1951 alikuwa Geita, anaandika vibao vya HATARI mgodini. Jioni yuko kwa Klara, yaani Mama Herman, muuza pombe ya mtama, anachora walevi chini ya karabai.

"Emili, mimi nina sura ya mlenda?"

"Taa ndiyo inasema, Mama Herman."

"Basi taa yako ina wivu."

Halafu Klara anaonja kata ya pombe, ndipo anampa. Kwa Klara anayekupa pombe huonja kwanza. Hataki? Anywe mwenyewe.

Sasa, klabu ya Wazungu wa mgodi. Bendera moja, gramafoni moja, watu kumi na wanne waliochokana. Miaka mitatu walimkataa. Eti Myahudi, halafu eti anakunywa na Waafrika. Naye, aibu tupu, alikuwa anapataka! Alichoka kula peke yake akiongea Kijerumani na brashi. Siku moja wakamwambia achore dansi yao ya Krismasi: ikipendeza, anaingia.

Akachora. Meneja kalala kwenye bakuli la supu, wenzake wanapiga miayo huku wanacheza. Wote kijani.

Katibu wa klabu, masharubu kama mswaki uliochakaa, akaitazama picha kana kwamba kakanyaga kinyesi.

"Zipake sura zetu rangi ya waridi. Ukimaliza, utapita mlango wa mbele." Akamimina wiski, akamsogezea bilauri.

Mazoea bwana! Emili akairudisha. "Onja kwanza."

"Unadhani nimekutilia sumu?"

Neno moja tu la samahani, na kiti ni chake. Akawatazama. Hawa ndio aliowatamani miaka mitatu? Watu wasioweza hata kuonja kinywaji chao mbele ya mgeni? Akabeba picha yake, akatoka.

Kwa Klara aliiegemeza ukutani. Walevi walicheka mpaka pombe ikawatokea puani.

"Kumbe na wao wa kijani!" Klara akasema. "Nami nilidhani unatuonea sisi tu." Akaonja kata, akampa. "Piga msumari pale. Juu kabisa, wasije wakaitapikia."