Jasho la Gaudiosa

Placidi alianza kumshuku mkewe siku bwana shamba alipokuja kukagua kahawa yao kule Kitura. Bwana shamba huyo, Jonas, alikuwa mtumishi kijana aliyehamishiwa Mbinga kutoka Singida, mwenye pikipiki ya serikali na maneno laini. Placidi alimwita mkewe kutoka bondeni, aje haraka achemshe chai. Gaudiosa akapanda, akasalimia, akaingia jikoni. Alipomkabidhi mumewe kikombe, vidole vyake vilikuwa vya baridi na uso unamtiririka jasho. Shingoni mshipa ulimrukaruka.

Placidi aliuona mshipa ule, akamtazama Jonas.

Tangu hapo hakutulia. Kila Jonas alipokuja, Placidi alimkodolea mkewe macho shingoni, na kila mara mshipa ulikuwa mbioni. Akamtoa kwaya, eti mazoezi yanachelewesha kazi. Mwishowe chai ya mgeni akawa anaipika mwenyewe, majirani wakacheka.

Jioni moja uvumilivu ukamwisha. "Mama Lidia, Jonas akifika moyo wako unakwenda mbio. Kwa nini?"

"Unakwenda mbio hata asipofika," alisema Gaudiosa. "Hata nikiwa nimekaa tu."

Placidi akaona mkewe amekiri: kumbe alimwaza hata asipokuwepo. Siku tatu hakumsemesha.

Mwezi uliofuata walishuka Lundo, kando ya ziwa, ukweni kwa Placidi, kwenye ubatizo. Walipokuwa wakipanda kutoka ziwani, Gaudiosa na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwa hilo, kichwani, ghafla aliitua akakaa njiani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, pumzi haimtoshi, na mshipa wa shingo unaruka kuliko siku zote. Jonas hakuwepo. Walimbeba hadi zahanati, na kutoka huko wakapelekwa hospitali.

Daktari Xaveri alimpima kwa mashine inayoonyesha moyo ukidunda, kisha akamwita Placidi. "Utotoni aliwahi kuumwa koo na viungo?"

"Mama yake anasema aliugua sana."

"Ugonjwa ule uliacha kovu. Vali moja ya moyo imekakamaa, damu inapita kwa shida. Wewe ukikutana na nyoka shambani, si moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka na mikono inapoa? Kuna mishipa ya fahamu inayouamsha mwili kukiwa na hatari. Nyoka akienda zake, inatulia. Kwa mkeo haitulii, maana mwili unahisi damu haitoshi. Na mbio hizo zinamwumiza zaidi, kwa kuwa moyo haupati nafasi ya kujaa."

"Na akipanda mlima?"

"Hapo ndipo huzidi."

Placidi akainama. Nani aliyekuwa akimpandisha mlima ule wa kutoka bondeni, tena kwa haraka, kila mgeni alipofika?

Wodini alimweleza mkewe yote aliyomdhania, akaomba msamaha. Gaudiosa alimsikiliza hadi mwisho. "Miezi yote hiyo ulikuwa unanitazama, Baba Lidia," alisema. "Hukuniuliza hata mara moja kama naumwa."

Sasa anameza vidonge vya kupunguza mapigo, akisubiri zamu ya upasuaji Dar es Salaam. Maji anachota Placidi, na kwaya Gaudiosa amerudi, ingawa huimba akiwa amekaa. Kila mwezi mumewe humsindikiza kliniki. Daktari Xaveri humwekea kipimo kifuani, na Gaudiosa hufumba macho, akivuta pumzi taratibu kama anavyoelekezwa. Placidi anajua fika kwamba hayo ni matibabu. Hata hivyo hugeukia dirishani, akaangalia magari ya wagonjwa mpaka daktari amalize.