Mmoja Anasoma, Mmoja Anapiga

Kuna sentensi ya Kiingereza, kwenye kitabu cha kompyuta kinachosomwa na watu wa nchi nyingi, iliyohamishwa mahali pake kwa sababu yangu mimi na mwenzangu, tukiwa Shinyanga, kwenye chumba kilichojaa magodoro. Nimeanza na majivuno makusudi. Kwetu tunafundishwa tungoje kusifiwa na wengine, na mimi nimengoja mpaka nimechoka.

Mimi na mwenzangu tulikuwa wapiga chapa kwenye ofisi moja ya pamba. Wakubwa wetu walikuwa na mwandiko wa kuku, kwa hiyo tulifanya kazi wawili wawili: mimi niliyeuzoea ule mwandiko nilisoma kwa sauti, yeye akapiga bila kuangalia karatasi. Neno likitoka kinywani mwangu, kidole chake kimeshashuka. Yeye ni Msukuma wa Tinde, mama wa mapacha, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo na kunyamaza sijajaliwa. Tuliitwa cherehani, kwa jinsi tulivyokwenda bila kusimama, na jina lile tulilipenda.

Kisha likaja lile neno la miaka ile, kupunguzwa. Tukapunguzwa wote wawili. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka kubwa pale mjini, alituonea huruma akatupa chumba cha nyuma ya duka, tuwafundishe kupiga chapa wanawake waliopunguzwa kama sisi. Palikuwa na mashine za taipu na kompyuta moja aliyoinunua mnadani, haina programu yoyote ya maana ndani yake. Wanafunzi wetu walikuwa wanaifuta vumbi tu.

Aliyeitia uhai alikuwa fundi wa mitambo kutoka kambi ya watafiti wa dhahabu huko Geita, mtu mzima, mteja wa zamani wa duka. Alileta programu kwenye sahani ya plastiki, ile wanayoiita CD, akasema hii ni ya bure, na si ya bure tu: ni ruhusa kuinakili, kuichungulia ndani, hata kuirekebisha. Waliotengeneza walikuwa watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, wakiandikiana kwa kompyuta. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na walikuwa wanaomba watu wakitafsiri kwa lugha zao na kuwaambia palipo na maneno yanayokwaza. Nilimwambia fundi kwamba mahali pa kukwaza ndipo ninapoishi. Tukaikubali kazi.

Mwenye duka naye alifurahi, lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alituambia kwamba msimu wa pamba ukifunguliwa, wakulima hununua baiskeli na magodoro, naye anahitaji pa kuweka mzigo. Kama mpaka siku hiyo tungekuwa na kitabu cha Kiswahili cha kufundishia kompyuta, chumba ni chetu. Kama hatuna, chumba ni cha magodoro. Alisema hivyo kwa upole kabisa, akatuagizia chai.

Basi tukafanya kazi. Tulibishana kila neno, maana yeye alitaka Kiswahili kinachoeleweka Tinde sokoni na mimi nilitaka kinachosimama mbele ya watu, na mara nyingi alishinda yeye, sitaki kusema ni mara ngapi. Kila sura tuliyoimaliza tuliijaribu kwa mtindo wetu wa ofisini: mimi nasoma, yeye anatenda kwenye mashine. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta ileile, isipokuwa vipande vichache vya karatasi nilivyosomea.

Tukafika sura ya kusafisha diski. Nikasoma: andika amri hii. Akaandika. Nikasoma: ukiulizwa kama una hakika, jibu ndiyo, kisha bonyeza. Akabonyeza. Nikavuta pumzi, nikasoma sentensi iliyofuata: kabla ya kufanya hivyo, hakikisha umenakili kazi zako zote pengine.

Tulitazamana. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu, inakula nusu ya kitabu chetu.

Akaniambia nimechelewa kusoma. Nikamwambia amewahi kubonyeza. Tukaambiana mengine ambayo wanafunzi hawakupaswa kuyasikia, akachukua kanga yake akaenda zake. Nililia, nasema wazi, si kwa ajili ya kitabu tu. Bila kitabu hakuna chumba, na bila chumba wale wanawake wangerudi kukaa vibarazani wakiulizwa na mawifi zao lini watapata kazi. Na mimi ningekuwa miongoni mwao.

Alirudi asubuhi, uso bado umevimba kwa kununa. Hakunisalimia. Alichukua kurasa za Kiingereza, akaweka kidole kwenye lile onyo, akakipandisha mpaka juu ya amri.

"Hili lilitakiwa likae hapa," alisema. "Wewe hukuchelewa, na mimi sikuwahi. Aliyeandika ndiye aliyeweka shimo kwanza, kibao baadaye."

Nikamkumbatia, kununa kukaisha hapohapo. Tukapitia kitabu kizima tukakuta maonyo mengi yamekaa vivyo hivyo, yanamfuata mtu nyuma badala ya kumtangulia. Fundi alipokuja tukamweleza. Akasema kule kwa waliokiandika hakuna shida hiyo, kwa sababu mtu anakaa peke yake na kitabu chake, anausoma ukurasa wote kwa macho, ndipo anagusa mashine. Hapo nikapandisha mori. Nikamwambia kwetu kitabu ni kimoja na mashine ni moja na watu ni wengi, mmoja anasoma na mwingine anatenda, na aliyeshika mashine hana macho ya kusomea sentensi ambayo bado sijaitamka. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nani aliwahi kuwasikia wakisema hatari, kisha tahadhari?

Tukaanza upya. Vipande tulivyokuwa tumevichapa kwenye karatasi vilituokoa, vingine tukavitoa kichwani. Safari hii kila onyo tulilipandisha juu ya jambo lake. Ila mwenye duka aliposikia, akakunja uso. Kutafsiri kitabu cha watu ni sawa, alisema, lakini kukipangua? Yeye hawezi kufundishia dukani kwake kitabu ambacho wenyewe watakikana. Tuwaandikie. Wakikubali, chumba ni chetu.

Tukawaandikia. Fundi alibeba barua yetu kwenye diski ndogo, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni kuikinga na vumbi la njiani, akaituma kwa simu ya setelaiti ya kambini kwao. Jibu la kwanza lilikuja kwa njia hiyohiyo. Mmoja wao alisema kwa adabu kwamba msomaji anatakiwa kusoma ukurasa mzima kwanza, na kazi yetu ni kutafsiri. Mwenzangu alicheka kile kicheko chake cha hasira. Alisema huyu bwana anafaa aje ofisi ya pamba, asomewe.

Ushahidi ulitoka pasipotarajiwa. Mke wa mwenye duka, mama mwenye sauti ya kuamrisha ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alikuja kutazama ni kitu gani kinachomkosesha mumewe usingizi. Tukamketisha kwenye mashine, diski ikiwa tupu, kazi yetu tumeshainakili pengine tusije tukalia tena. Nikamsomea kwanza kama Kiingereza kilivyopanga. Akabonyeza mapema kuliko hata mwenzangu, ndipo akasikia onyo, akanigeukia.

"Sasa unaniambia nini, nimeshafanya?"

Kisha nikamsomea kwa mpango wetu. Alipofika pale pale, aliinua mkono juu ya vitufe, akauliza kwanza anakili wapi. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, akitazama. Yote hayo tukayaandika, neno kwa neno, likiwemo lile swali lake, fundi akayachukua kwenda Geita.

Msimu ukafunguliwa, jibu halijaja. Wapagazi wakaanza kuingiza magodoro. Tulifundisha katikati yake, wanafunzi wamekalia magodoro yenye nailoni zinazolia kila mtu akijigeuza, na kila asubuhi nafasi yetu ilipungua. Mwenzangu aliacha utani. Nilijua basi, mambo yamekwisha.

Fundi aliingia siku moja wakati wapagazi wakiwa wameukaribia ukuta wa mwisho. Hakusema habari za Geita wala salamu, akanipa diski. Nikaitia kwenye kompyuta, nikaisoma kwa sauti kama nilivyozoea. Walikuwa wamebishana wao kwa wao kule walikotawanyika, mpaka mmoja alipomsomea mkewe kwa sauti, naye akabonyeza kabla ya onyo. Sasa walikuwa wamepandisha maonyo yote, si kwenye tafsiri yetu tu, kwenye Kiingereza chenyewe, na kwa lugha zote zitakazotoka humo. Walituomba tuendelee kuwasomea vitabu vyao vingine namna hiyo. Chini, kwenye orodha ya walioshiriki, tulikuwemo sisi wawili.

Mwenye duka alivaa miwani akasoma mwenyewe. Alirudia. Kisha akatoka nje akawaambia wapagazi wayatoe magodoro yote.

"Wapi tena, mzee?" mmoja aliuliza.

"Nyumbani kwangu. Sebuleni."

Mkewe alisema wageni wa msimu ule watakaa juu kama wafalme. Wanafunzi walipiga vigelegele mpaka wateja wakaacha kubishania bei wakaja kuchungulia. Mwenzangu hakupiga. Alikuwa ameketi kwenye kompyuta, ameshafungua ile sura ya kusafisha diski, ya Kiingereza kipya, na vidole viko tayari.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma sentensi ya kwanza, lile onyo. Vidole vyake havikushuka. Vilibaki juu, vimetulia, vinangoja.

"Wabeja," alisema, akishukuru kwa Kisukuma chake, na machozi yakamtoka. "Soma tena."