Gemu Niliyoipeleka Kakuma kwa Siri

Mashine ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanangu, naye aliipata kwa binamu yake ikiwa tayari imechubuka pembe. Alipoenda chuo Eldoret aliiacha chini ya televisheni, sebuleni kwangu hapa Lodwar, pamoja na rimoti zake mbili na diski moja ya gemu ya mashindano ya magari.

"Mama, usiitupe," aliniambia.

Sikuitupa. Niliifunika kitambaa cha kufumwa, jinsi mama yangu alivyoifunika redio yetu kule Bungoma, na juu yake nikaweka maua ya plastiki. Maua yalikaa hapo wiki tatu.

Lazima niseme kazi yangu, maana bila hiyo hakuna cha kuniaibisha. Mimi ni mkaguzi wa shule. Kabla ya hapo nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na tangu nihamie Turkana nimezunguka madarasa mengi, nikikaa nyuma na daftari langu, nikiwatia walimu kiwewe. Katika kila mkutano wa wazazi nilikuwa na hotuba moja ninayoipenda. "Gemu ni mchwa," nilisema. "Inakula mtoto kwa ndani, wewe unaona ngozi nzima." Wazazi walipiga makofi. Hata niliwahi kuandika barua kuhusu ukumbi wa gemu uliokuwa jirani na shule moja ya msingi Kakuma, ambako watoto walipotelea baada ya mapumziko ya saa nne. Ukumbi ulifungwa, na mimi nikajipongeza kwa soda baridi.

Basi Jumamosi moja, saa nane mchana, saa ambayo Lodwar hata mbuzi hutafuta ukuta wa kuegemea, niliinua maua ili nifute vumbi. Kidole kikagusa kitufe. Taa ikawaka. Nikakaa chini nione tu ni kitu gani hiki kinachoharibu watoto wa watu.

Sijui kuendesha gari. Baiskeli yenyewe niliiacha nikiwa msichana, baada ya kuingia nayo kwenye shamba la muhogo la padri. Lakini siku hiyo niliendesha gari jekundu, nikagonga ukuta, nikagonga ukuta wa pili, nikarudi nyuma na kuugonga ule wa kwanza tena. Nilipoinua macho, adhana ya alasiri ilikuwa imepita na chai yangu imeota ngozi. Mwisho wa mwezi nilikuwa nimejiandikisha humo kwa jina la kazi yangu, kwa herufi kubwa: MKAGUZI.

Halafu mashine ikaanza kuugua.

Kwanza ilivuma kama mashine ya kusaga mahindi. Nikasema ni joto. Kisha ikaanza kujizima katikati ya kona. Nikasema ni stima ya huku. Nikahamisha feni ikawa inapepea mashine, mimi nikabaki natiririka jasho. Nikainua pembe moja kwa kitabu cha nyimbo za kanisani ipate hewa kwa chini. Jumapili moja mchungaji alipouliza nani ana mgonjwa nyumbani tumwombee, mkono wangu ulifika begani kabla sijaushusha na kujifanya ninapanga kilemba.

Nikampigia mwanangu. Nilimwambia kuna mwenzangu ofisini ambaye mashine ya mtoto wake inajizima.

"Ni ya zamani kama yangu?"

"Inafanana nayo."

"Mwambie imefika mwisho, Mama. Ampe fundi avunje achukue vipuri. Hata yangu sidhani inawaka."

Nilimshukuru kwa niaba ya mwenzangu, nikakata simu, nikakaa kitandani kama mtu aliyetoka kuongea na daktari.

Fundi wa Lodwar nisingeweza kumwendea. Ana watoto watatu katika shule ninayoikagua, na hotuba ya mchwa ameisikia mara mbili. Ila nilikuwa na safari ya kazi Kakuma wiki hiyo. Nikaitia mashine kwenye katoni ya karatasi za ofisi, nikafunga kwa utepe wa gundi pande zote, nikaandika juu: USIFUNGUE.

Hapo ndipo nilipojiponza. Dereva wa ofisi yetu ni Mturkana wa makamo, mpole, ambaye hajawahi kunichelewesha popote. Aliitazama katoni, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwalimu. Hii ni nini?"

"Ni kitu nyeti," nikasema, nikidhani nimemaliza mazungumzo.

Akatikisa kichwa polepole. Katika ofisi yetu kitu nyeti ni kimoja tu, mitihani. Akaiweka katoni kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda, mimi nikakaa nyuma. Kila tulipopunguza mwendo kupisha ngamia, aliweka mkono juu yake. Nilipotaka tununue maji njiani alikataa kusimama. "Na hii kitu ndani? Hapana, mwalimu." Tulipofika Kakuma aliuliza kama tuanzie kituo cha polisi tupewe askari.

"Hakuna haja ya askari," nikasema. "Nitaibeba mwenyewe. Wewe pumzika."

"Mtihani haibebwi na mtu mmoja," akajibu. "Hiyo ni sheria."

Ndiyo kusema tulifika sokoni wawili, yeye amekumbatia katoni kifuani, mimi mbele nikimtafuta fundi ambaye mwalimu mmoja alinitajia, Mkongomani mwenye kibanda cha mabati kilichojaa redio na simu zilizofumuliwa matumbo. Tulimkuta ameinama juu ya kazi. Dereva alisimama mlangoni, akasoma kibao kilichochorwa televisheni, akashusha pumzi.

"Mwalimu. Huyu atafanya nini na mtihani?"

Nilichukua kisu cha fundi nikakata utepe mwenyewe. Dereva alitazama ndani ya katoni, kisha akakaa kwenye benchi.

"Ni ya mtoto," nikamwambia fundi, kwa sauti ambayo dereva angesikia.

"Karibu, mama. Tuone huyu mtoto wako anaitesa namna gani."

Aliifungua. Nikaona vumbi la Lodwar limelala humo jekundu, laini, kama unga wa wimbi. Fundi aliingiza kibano akatoa mjusi mdogo, mkavu, mkia wake mzima, akamlaza kwenye karatasi mbele yangu.

"Huyu njo alikuwa anazuia feni," akasema. "Iko na vumbi mingi mu tumbo."

Mdomo wangu ulishafunguka kumsahihisha "mu tumbo". Nikaufunga. Mtu aliyekaa mbele ya maiti ya mjusi wake hana haki ya kusahihisha lugha ya watu.

Alipuliza, akafuta kwa spiriti, akapaka dawa nyeupe, akarudisha kila kitu mahali pake na kuiunganisha na televisheni ndogo iliyokuwa juu ya rafu. Ikawaka bila kelele. Na kwenye kioo, mbele ya dereva na wanawake wawili waliokuja kuchukua simu zao, likatokea jina langu, MKAGUZI, na chini yake jumla ya saa nilizocheza. Saa hizo sitazitaja. Mkristo ana haki ya kubaki na siri moja.

Fundi alisoma. Hakucheka.

"Moyo ni mzima," akasema. "Lakini jicho la kusoma gemu limechoka, na jicho lingine sitapata. Hii gemu iko ndani usiitoe. Ukiitoa, labda haitasoma tena. Iache, icheze mpaka siku itakataa."

"Itakuwa lini?"

"Mama, kesho, ao mwaka ujao. Mimi natengeneza, sipigi ramli."

Alipokuwa akifunga skrubu za mwisho aliniambia kwamba zamani alikuwa na kazi nyingi za namna hii. Mashine zote za ukumbi mmoja karibu na shule zilikuwa mikononi mwake. Kisha mama mmoja wa ofisi akaandika barua, ukumbi ukafungwa, na kwa miezi kadhaa akarudi kutengeneza tochi.

"Labda alikuwa na sababu," nikasema.

"Alikuwa nayo. Hata mtoto wangu alikuwa anatoroka shule. Barua yake ilikuwa ya haki." Akanipa katoni. "Ila hakuna mtu alikuja kutuuliza sisi tutakula nini."

Nilimshukuru, nikalipa, nikatoka haraka. Tulikuwa tumeshavuka nyumba za mwisho za mji, katoni ikiwa sasa nyuma pamoja nami na haina mkanda, dereva alipofungua kinywa.

"Mwalimu, ile barua si ni mimi nilipeleka? Nilikuja nayo kwa hii gari."

"Ndiyo."

"Sawa."

Heri angenilaumu. Tulienda mwendo wa dakika chache tu nikamwambia ageuze gari.

Fundi alikuwa bado amekaa pale pale. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa, nikasema yote bila kupanga sentensi: barua niliiandika mimi, mashine ni yangu, mtoto yuko Eldoret na hajaigusa zaidi ya mwaka, na kwa upande wa wale waliopoteza kazi, kweli sikuuliza, nami naomba radhi.

Aliweka chini bisibisi. "Mama, nilijua. Jina lako si liliandikwa kwa televisheni? Hapa wakaguzi hawako wengi." Ndipo akacheka, na wale wanawake wawili wakacheka, na dereva, ambaye sikujua amenifuata, akacheka kuliko wote, ameshika nguzo ya kibanda.

Niliporudi Lodwar nilimpigia mwanangu na kumweleza ukweli. Aliuliza nimefika hatua ya ngapi. Nilipomwambia, aliniomba nirudie. Hotuba ya mchwa nimeacha kuitoa. Sasa nawaambia wazazi wakae wacheze na watoto wao, wajue kilichomo, na wawaamuru kuzima saa ikifika. Makofi ni machache, na hotuba imekuwa fupi, jambo ambalo walimu wakuu wamelipokea kwa shukrani.

Jicho la mashine halijakataa. Kilichokataa ni kidole gumba changu cha kulia. Kilivimba mwezi uliopita, nikaenda zahanati, na daktari kijana akanibonyeza mpaka nikapiga kelele.

"Mama, mikono yako inafanya kazi gani?"

Nikataka kusema naandika ripoti. Nikasema, "Naendesha magari."

Amenipa bandeji na wiki sita za kupumzika. Sikutaka mashine ikae bila kuwashwa, vumbi lirudi, kwa hiyo kila Jumamosi dereva anakuja baada ya chakula cha mchana kunisaidia. Ameshika usukani nusu ya maisha yake, nikadhani tutashinda. Lakini anaendesha lile gari jekundu kama lina wakaguzi wanne ndani na spea haipo. Anapunguza mwendo kila kona, anapisha wanaompita, na jana alisimama kabisa kwa sababu aliona kitu kama kondoo ukingoni. Tumekuwa wa mwisho mara kumi na moja. Gari halina mkwaruzo.

"Kanyaga mafuta!" nampigia kelele kutoka kwenye kochi, bandeji juu.

"Mwalimu," ananijibu bila kutoa macho kwenye kioo, "hapo mbele sipajui."