Naitrojeni ya Mjomba

Watu wakiniuliza kazi yangu huwajibu kwa mkato, maana subira sikujaliwa. Naunganisha vipande viwili vya supakondakta, vitu ambavyo vikipozwa sana hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Katikati naweka waya ambamo elektroni ikigeuza mwendo, kujizungusha kwake kama pia nako kunageuka. Mambo yakikaa sawa hutokea hali isiyoharibiwa na kasoro ndogondogo, kama fundo la kamba ya ng'ombe: ipinde, ivute, fundo lipo. Wakishaguna, nawahadithia Same, mji nilikosoma sekondari.

Mwalimu wetu wa fizikia alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kidonge cheusi cha supakondakta, ukubwa wa kifungo cha koti. Foleni za sukari zikapita, biashara ikaruhusiwa, mitumba ikajaa hadi stendi, na kidonge kipo tu kwenye kopo, kwa kukosa naitrojeni ya kukipoza. Mshahara haukumtosha. Akatuambia kwamba Jumatatu ijayo anaacha kazi, anakwenda kuuza mitumba. Nililia, sifichi.

Naitrojeni ya kimiminika, ile ya baridi kali, niliijua mahali pamoja tu: kwenye mtungi wa mjomba, bwana mifugo, ikihifadhi mbegu za madume ya kisasa za kupandishia ng'ombe. Ilikuwa imebaki kidogo. Lakini kwetu Upareni mjomba kumnyima mtoto wa dada yake ni aibu, nami niliitumia aibu hiyo vizuri sana. Akasema nirudi kesho. Kesho yake akanijazia chupa ya chai, akaniambia nisiifunge isije ikapasuka kwa mvuke.

Mwalimu akamimina. Ukungu ukatambaa mezani, sumaku ndogo ikaelea juu ya kidonge, haijashikwa na chochote. Jamani, nilivyofurahi! Mwalimu akafuta miwani, akafuta tena.

Naitrojeni mpya ikachelewa, mtungi ukakauka, mbegu zote zikaharibika. Ng'ombe wetu pekee, aliyekuwa akisubiri zamu ya kupandishwa, akakosa mimba. Baba alikuwa akimngojea ndama yule kuliko mvua. Nikanyamaza miaka na miaka, dhamiri ikinitafuna.

Baba alipozeeka nikamweleza yote. Akacheka.

"Mjomba wako alikuja kuniuliza jioni ileile. Nikamwambia akupe. Ng'ombe angepata joto tena, lakini mwalimu wenu alikuwa anaondoka."

Mwaka ule mzima, bila ndama wala maziwa, tulikunywa chai ya rangi, na kila asubuhi baba alisema anaipenda hivyo.