Jina Alilolitaja Nyabol

Mwaka 2013, mimba ya Nyabol ilipofika mwezi wa saba, aliacha kula. Uji ulipoa mbele yake hapo kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nzi wakafanya karamu. Hakuwa na homa. Ilikuwa ile huzuni, iliyomkalia kifuani tangu mtoto wake wa kwanza azikwe mwaka uliotangulia, kabla hajapewa jina. Aliambiwa asilie: ukimlilia aliyekwenda, anayekuja atakataa kuja. Basi hakulia.

Mumewe, Bior, alikuwa Lodwar akichanganya saruji kwenye majengo. Nyumbani Nyabol alibaki na mama mkwe, Achol, mwanamke mwema lakini mwoga. Kwao Sudan Kusini, Achol aliona wanawake wakifa uzazini, na watu wakisema: huyo alificha jina la mwanamume aliyelala naye nje ya ndoa; angelitaja, angepona.

"Sema, mwanangu," Achol akawa anambembeleza. "Nimeshazika mjukuu mmoja. Usinizikishe wa pili."

"Mama, sina la kusema. Nimechoka tu."

"Umechoka na nini? Maji nachota mimi, kuni analeta Abei!"

Abei, Mturkana muuza kuni, alikuwa ndiyo kwanza anatua mzigo, akasalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Mama Bior! Mwache mwenzio apumue. Hata punda hukataa majani akiwa na lake moyoni."

"Punda wako hana mume," Achol akamjibu.

Asubuhi moja Nyabol akachoka kweli kweli. Akataja jina: Tap. Achol akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akamnyunyizia maji ya baraka tumboni, kisha akampigia mwanawe simu.

Bior akaja mbio, uso umejaa vumbi na hasira. Akakaa chini. Akauliza polepole, "Tap yupi?"

"Yule wa kwetu, tuliyesoma naye."

"Tap aliuawa kwa risasi kabla sijakuoa, Nyabol. Maiti yake niliibeba mimi mwenyewe."

"Najua. Nilitaka mtu ambaye hamtamwendea na fimbo."

Achol akashika kichwa. "Sasa una nini, mwanangu?"

"Mtoto wangu mlimlaza wapi? Hakuna aliyenionyesha."

Bior akaangalia miguu yake. Walimlaza ukingoni mwa mto mkavu. Mvua za Aprili zilipokuja, mto ukajaa, ukala ule ukingo wote. Alipomwambia, Nyabol alifungua kinywa, kilio kikatoka kama cha mtu aliyefiwa leo.

Achol aliinuka amzuie. Mkono ukaishia hewani. Akavua shuka lake, akalifunika tumbo la mkwewe, ili mtoto aliye ndani asisikie, akamwacha mama yake alie.