Hita ya Mke wa Ami

Siku hiyo nyumbani kwa ami tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike aliyejifungua juzi yake, kichanga chake, na mke wa ami yetu, ambaye tukimwita Bi Mkubwa. Ami mwenyewe alikuwa kazini Maskati. Baba tulimzika Unguja, mama tukamzika hapa hapa Ibra, Omani, kwa hiyo kazi ya kumkanda mdogo wangu, mzazi, ilikuwa yangu.

Kukanda kunataka maji ya moto, tena ya moto kweli. Ilikuwa Januari, baridi kali, na mdogo wangu tumbo likimkata hata kukaa hawezi. Mtungi wa gesi wa jikoni ulikuwa umekwisha. Kuni Bi Mkubwa hakuzitaka. Moshi ungeharibu rangi ya nyumba mpya. Ikabaki hita ya gesi ya chooni, iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Jana yake aliniruhusu kuitumia, kwa sauti kubwa, ili jirani asikie.

Nikabonyeza kitufe, nikatia kiberiti, kijimoto kidogo kikashika. Nikafungua bomba. Moto mkubwa haukuwaka, maji yakatoka baridi vile vile. Nikautikisa mtungi wake: mzito. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi: haukuvuja popote. Nikazima, nikawasha upya. Wapi.

"Dada, hita hiyo haikutaki," mdogo wangu akaniambia kutoka chumbani.

"Itanitaka tu. Wewe jifunike."

Bi Mkubwa akaja akasimama mlangoni. "Hilo dude linataka mtu aliyesoma. Wewe skuli uliiacha."

Niliiacha nilee wadogo zangu na nifue nguo za wanawe. Nikasema, "Ndiyo, Bi Mkubwa."

Alipoondoka nikamsikia mdogo wangu analia, amejiziba kwa mto ili asisikike. Hasira zikanipanda. Nikalizungusha bomba mpaka mwisho, liwe litakalokuwa. Bup! Moto ukajaa ndani ya hita, wa buluu, ukinguruma.

Kumbe haiwaki mpaka maji yasukume kwa nguvu. Na mimi, tangu tuingie nyumba ile, sikupata kufungua bomba likatoka zaidi ya uzi. Maji yaliletwa kwa gari, na kila tukinawa tulipigiwa kelele, "Bomba!" Mkono ukazoea. Hata mwenyewe akiwa hayupo, mkono uliogopa.

"Nani kafungua bomba hivyo?" Bi Mkubwa akapiga ukelele. "Mnanimalizia tangi!"

"Namkanda mzazi, Bi Mkubwa."

"Kwani kazaa yeye peke yake Ibra nzima?"

Sikulifunga. Nilijaza ndoo moja baada ya moja, na yeye kasimama ananitazama. Nikamkanda mdogo wangu tumbo, kiuno na miguu, mpaka akalala mdomo wazi, na kichanga kwapani.

Kabla ya Magharibi tangi lilikauka. Akasema maji yake tutayalipa. Nikayarudisha kwa ndoo, kutoka kwenye falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, kichwani, nikipanda ngazi hadi juu ya paa, siku baada ya siku, mpaka tangi likafurika. Nikamwita aje aone. Akachovya kidole, akaonja.

"Haya maji ya falaji," akasema. "Mimi mlinimalizia ya gari. Deni langu liko pale pale."