Mikono ya Mzee Puok

Fortunate hakuwa mwalimu, na asitokee mtu wa Atlabara, mtaa ule wa Juba, akakudanganya kwamba alikuwa na cheti. Alikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, karibu na chuo kikuu, lenye jenereta moja, mashine mbili na viti vinne vya plastiki, kimoja mguu wake umefungwa waya. Na hasira zake zilikuwa karibu. Ukimletea barua ya kuomba kazi imejaa makosa, atakusema mpaka utamani ardhi ipasuke. Halafu atakurekebishia kimyakimya, na ukiipata hiyo kazi atafurahi kumshinda mama yako mzazi. Ndivyo alivyokuwa mwanamke huyo wa Rukungiri.

Alikuja Juba kutoka Uganda mwaka wa pili wa amani, baada ya vita vya Sudan, kama walivyokuja wengi. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka tisa katika hoteli ya watalii, ukingoni mwa mbuga ya Ishasha. Asubuhi alitandika vitanda. Jioni, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, alipewa chaki aandike ubaoni, kwa Kiingereza, wanyama wote ambao wageni waliwaona siku hiyo. Simba wangapi, wako na watoto au peke yao, nyati wameonekana upande gani. Miaka tisa ya ubao! Kiingereza cha wanyama kilimkaa kichwani kama sala.

Basi mwaka 2008, mvua zikiwa zimeanza, akaingia mzee mmoja mrefu, mwembamba, amevaa sare ya askari wa wanyamapori iliyofuliwa mpaka imekuwa nyeupe mabegani. Akasimama mbele ya meza, akanyoosha kidole kwenye kibao cha nje kilichosema barua huandikwa hapa kwa Kiingereza.

"Nimekuja kununua Kiingereza," akasema. "Lakini si chote. Nataka cha wanyama tu."

Fortunate akacheka mpaka akashika meza. Mzee hakucheka. Jina lake lilikuwa Puok, na shida yake ilikuwa hii: alikuwa amekaa porini zaidi ya miaka ishirini, kwanza vitani, kisha akilinda wanyama kwenye tambarare za mashariki. Amani ilipokuja, askari wengi wakaletwa mjini. Puok akapewa geti. Kazi yake ikawa kufungua geti gari likija, na kulifunga gari likipita. Sasa makawaja, yaani wazungu, wa utafiti walikuwa wamepita na ndege juu ya tambarare, wakakuta swala kwa malaki, na wageni walitaka kwenda kuwaona. Ofisi ikatangaza mtihani wa mdomo, kwa Kiingereza. Atakayefaulu atarudi porini kuwaongoza wageni. Atakayeanguka atabaki getini.

"Ustaza," mzee akasema, maana ndivyo watu wa Juba wanavyomwita mwalimu wa kike, "hilo geti linaniua. Polepole, lakini linaniua."

Hapo Fortunate akaacha kucheka. "Kuja kesho saa kumi na moja jioni," akamwambia. "Na wewe usichelewe, mzee. Mimi iko na kazi mingi."

Hakuchelewa hata siku moja. Lakini wiki mbili za kwanza zilikuwa balaa tupu. Fortunate alikuwa na kitabu chake cha picha kutoka hotelini. Anafungua tembo, anauliza, "Huyu nani?" Mzee anaitazama picha, macho yanamwaka, kisha anainua mkono wa kulia mbele ya pua na kuuning'iniza. Mdomo kimya. Anafungua nyati: mzee anaweka ngumi mbili kwenye paji la uso. Kimya. Fisi: kiganja kinashuka mteremko, kama mgongo wa fisi unavyoshuka. Kimya.

"Mdomo, mzee!" Fortunate akapiga meza. "Mimi sikuuliza mikono! Wewe iko bubu?"

Mzee akaeleza taratibu. Huko kwao, katika kikosi chao, nyasi zilikuwa ndefu kumpita mtu. Ukimwona mnyama hufungui mdomo. Ukisema, ama atakukimbia, ama atakujia. Kwa hiyo kila mnyama alikuwa na alama yake ya mkono, na wa nyuma aliipokea alama na kumpa wa nyuma yake. Miaka ishirini hajawahi kutaja jina la mnyama akiwa anamtazama. Akiona hata picha, ulimi unajifunga wenyewe.

Mwanamke akashika kiuno, akafikiri. Mtu mwingine angemfukuza. Yeye akavuta kiti, akakaa ana kwa ana na mzee.

"Haya. Fanya mkono kwanza. Ukimaliza mkono, mnyama amekwisha pita. Hapo sasa taja."

Mkono wa tembo ukapanda, ukaning'inia, ukashuka. "Elephant," mzee akasema.

Kumbe ilikuwa hivyo tu! Kuanzia siku ile maneno yakaja, kila neno na mkono wake. Wanafunzi wa chuo waliokuja kutoa fotokopi wakawa wanasahau karatasi zao kwenye mashine, wanamtazama mzee akiwa twiga. Na mabishano hayakukosekana. Mzee alikasirika alipoambiwa mtoto wa simba anaitwa "cub" na mtoto wa nyati "calf".

"Kwa nini wasiseme mtoto tu? Hawa makawaja wanapenda kazi."

"Sema hivyo hivyo, mzee. Hicho Kiingereza si ya baba yangu."

Siku moja mzee alileta kitabu kingine cha kuazima ofisini, akakuta nyemera, yule swala mkubwa wa kwao, ameandikwa "tiang". Akaruka kwenye kiti. Hilo lilikuwa neno lao wenyewe, la mama yake, limevaa herufi za Kiingereza! Akazunguka duka zima akilionyesha, hata kwa mtu aliyekuja kuuliza kama kuna chumvi.

Siku nyingine akamuuliza Fortunate, "Wewe ustaza, simba wa kwenu ni mkubwa kama wetu?"

Fortunate akainamia kibodi. Akajifanya kutafuta herufi. Mwishowe akasema ukweli, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu Juba nzima: hajawahi kumwona simba. Wala tembo. Madereva ndio walikuwa wanamtajia, yeye anaandika. Katika miaka tisa mnyama pekee aliyemwona kwa macho yake ni nyani aliyeiba mkate jikoni.

Mzee alicheka mpaka machozi. "Malesh, ustaza, malesh," akawa anamwomba radhi huku anacheka. "Wewe una maneno bila wanyama. Mimi nina wanyama bila maneno." Kisha, kumpoza, akakaa mpaka jenereta ikazimwa akimsimulia simba anavyonuka kabla hujamwona. Fortunate alizipenda jioni hizo. Alizipenda kuliko alivyojua.

Mtihani ukafika, mvua zikielekea kwisha, Ijumaa asubuhi. Na hapa ndipo Fortunate alipoharibu, kwa mapenzi matupu. Alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria. Alimpigia mzee sare pasi mwenyewe. Njiani, wako juu ya boda wote wawili, akamwonya sikioni: "Wale wakubwa, wamesoma. Hawapendi mtu ya kurusha mikono. Mikono weka juu ya magoti, kama kanisani. Usiitoe."

"Tamam," mzee akasema. Alikuwa askari. Akiambiwa na mwalimu, amri ni amri.

Ukumbi ulikuwa mdogo, madirisha wazi, na Fortunate akapata nafasi dirishani. Ndani kulikuwa na benchi la askari wazee wanaosubiri zamu, wote wa kikosi kimoja na Puok. Mezani walikaa watahini watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa miwani, Penina, ambaye maneno yake yalikuwa machache. Akainua picha ya kwanza. Tembo.

Puok akaitazama. Mikono juu ya magoti. Kimya.

Picha ya pili, nyati. Kimya. Jasho likamtiririka masikioni. Vidole vyake vilikuwa vinataka kuondoka juu ya suruali, naye anavikandamiza. Picha ya tatu, fisi. Mama Penina akaandika kitu kwenye karatasi yake na kuanza kuigeuza, kama aliyemalizana naye.

Dirishani, Fortunate akaelewa. Mungu wangu, ni mimi! Ni mimi nimemfunga! Hakuzunguka kutafuta ruhusa. Akasukuma mlango, akaingia mpaka katikati ya ukumbi na viatu vyake vya matope.

"Mama, samahani. Kosa ni yangu, si yake."

Askari wa mlangoni akamshika mkono. Yeye akaendelea kusema, haraka haraka, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika: kwamba mzee anajua, anajua yote, lakini maneno yake yanatoka kwa mikono, na yeye ndiye aliyemkataza mikono kwa ujinga wake wa kutaka aonekane msomi. "Mnipige mimi. Yeye mwache afungue mikono tu. Sitasema neno lingine."

Mama Penina akavua miwani. Akamtazama mwanamke, akamtazama mzee. "Mkono si kosa," akasema. "Mtihani wetu ni wa mdomo, lakini hakuna aliyeandika mikono ikae wapi. Mzee, ifungue. Na wewe, mama, toka nje."

Puok akainua mikono. Neno la tembo likatoka. La nyati likatoka, la fisi, la twiga, watoto wao wote na majina yao ya ajabu. Mama Penina akaziweka picha kando, akamuuliza kwa Kiingereza mara ya mwisho alipokuwa tambarare aliona nini.

Hilo hawakulifundishana. Dirishani, Fortunate akauma shali yake.

Mzee akafumba macho. Mikono ikaanza kwenda, na maneno nyuma yake, yamevunjikavunjika lakini ni yake. Asubuhi. Maji. Swala wa masikio meupe, wengi, wengi, wengi mpaka ardhi inatembea. Watoto katikati. Kisha ghafla akainua kiganja juu, wazi.

Benchi zima la wazee, walioijua alama hiyo, likaganda. Mmoja wao, Majak, mtu mzito mwenye tumbo, akachutama kabisa sakafuni bila kujijua. Hata mama Penina aliacha kuandika. Ukumbi wote ulikuwa kwenye nyasi, unasubiri.

"Lion," Puok akanong'ona. Akasikiliza kidogo. "Sleeping. We go."

Vicheko vikapasua dirisha. Majak akainuka anajipangusa magoti, anacheka kuliko wote, na mama Penina akaficha mdomo kwa karatasi.

Majina yakasomwa mchana. La Puok lilikuwa la tatu. Gari la kwanza la wageni linaondoka Jumatatu alfajiri, naye ndani yake, na hatarudi mjini mpaka kiangazi kiishe, pengine hata hapo asirudi. Mzee akatoka uwanjani akitembea tofauti, mabega yamenyooka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akamkuta Fortunate nyuma ya boda, amejifunika uso kwa shali, analia waziwazi, watu wanamtazama.

"Ustaza! Mbona unalia? Nimefaulu!"

"Ndiyo nalia," akasema Fortunate. "Wewe unafikiri nalia nini? Umefaulu, mzee. Umefaulu."